Bahati kwa Kihispania

Mlango wa chumba cha Husseini, kule Misugusugu, ulipakwa rangi ya bluu iliyokoza, na chaki ilishika juu yake kama ubaoni. Dada yake Naila alipofika kutoka Kisarawe na begi lake mgongoni, Husseini alimketisha kitandani, akaufunga mlango ili upande wa ndani uonekane, akasema:

"Uhispania yote hiyo hapo, dada. Ukitaka hata kwenda chooni lazima uipite."

Maneno yalijaa kuanzia juu mpaka kwenye komeo. Naila aliyatazama, akavua viatu, akacheka.

"Mwenye nyumba akiona?"

"Atasoma. Elimu ya bure hiyo."

Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Kiwanda cha vigae vya sakafuni kilichokuwa kinajengwa na Wahispania upande wa Visiga kilitafuta mtu mmoja, mmoja tu, wa kupelekwa kwao akajifunze kwa miaka miwili kazi ya kuchanganya rangi zinazopakwa juu ya kigae kabla hakijaingia tanurini. Awe na diploma ya maabara. Aweze kuzungumza Kihispania cha kuanzia, kwa sababu usaili wenyewe ungekuwa kwa Kihispania. Asiwe ametimiza miaka thelathini.

Diploma Naila alikuwa nayo. Thelathini angeitimiza kabla mwaka haujaisha. Tangu amalize chuo alikuwa ameomba kazi kila mahali penye hadubini, na kila mahali aliambiwa asubiri. Subiri si jibu. Subiri ni mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu. Basi alirudi kwa baba yao, mzee Mwinyijuma, akawa analima mihogo na kuimenya, na vijana wa kijiweni wakampa jina: Daktari wa Muhogo. Akipita walimuuliza muhogo wa leo umekutwa na malaria ngapi. Mara ya kwanza alicheka nao. Baadaye akawa anazunguka kwa nyuma, njia ya mikorosho, asionekane.

"Nikikosa hii, Husseini," alimwambia mdogo wake siku ileile aliyofika, "mimi basi tena. Siombi kitu kingine. Uso wa kuombea umeniisha."

"Hukosi."

"Sema Inshallah."

"Inshallah hukosi."

Ndivyo walivyolelewa. Kwa mzee Mwinyijuma hapakuwa na mtu wa kusema "kesho nitapalilia" akaishia hapo. Kesho ina mwenyewe. Ukiitaja bila kumtaja yeye, umeiba. Husseini, mjini kwake, alikuwa ameanza kulegea katika hilo. Naila hakulegea hata kidogo.

Husseini aliuza viatu vya mtumba Maili Moja. Kihispania alikiokota kwenye simu, kwanza kwa watangazaji wa mpira wa kule, wanaopiga kelele bao likiingia kama watu walioona nyumba inaungua, kisha kwa masomo ya bure. Na tangu shule ya msingi alikuwa akitunga mashairi. Hakufundishwa na mtu. Mizani alijifunza kwa kuhesabu vidole, vina kwa kutega sikio, na kwa kuwa hakuna aliyempa vitu hivyo, hakukubali mtu aviguse. Aliwahi kubishana na ustadhi mzima, maulidini, mbele ya watu, kwa ajili ya silabi moja. Silabi hiyo alishinda. Hakualikwa tena.

Salamu, familia, kazi, maabara, moto na udongo, hayo yote Naila aliyameza upesi. Alikuwa akifua uani anaita sabuni kwa Kihispania, na mpangaji wa chumba cha pili, mama mmoja aitwaye Justa, akawa anamjibu kwa fujo: "Gracias, gracias, lakini beseni langu nalitaka!" Jioni alijifungia akasikiliza simu ya mdogo wake, sikio limebanwa kwenye spika, anafuata midomo ya watu asiowaona. Alikuwa na sikio zuri kuliko la Husseini. Husseini hakulisema hilo kwa sauti.

Kilichomgomea ni bahati.

"Mbona bahati zao nyingi hivi?" aliuliza, amejilaza, macho mlangoni. "Suerte. Azar. Casualidad. Chiripa. Si wachague moja?"

"Na sisi tunazo ngapi? Bahati, nasibu, sudi, kudra, majaliwa, ngekewa, zali. Halafu mkosi, nuksi, kisirani. Umewahi kuzichanganya?"

"Nizichanganye vipi? Hizo tatu za mwisho nimezaliwa nazo."

"Basi kila moja ina mwenzake kule. Tunazifungisha ndoa tu."

Wakazifungisha ndoa moja moja. Suerte akaolewa na bahati. Casualidad akapewa sadfa, watu wawili kukutana sokoni bila kuagana. Azar ni ile ya kutupa dadu na kungoja, na Husseini akamwonyesha kwamba dadu yenyewe kwao ni dado. Walipofika kwenye karata Naila aliinuka kitandani. Oros, copas, espadas.

"Uru, kopa, shupaza! Husseini, hawa walicheza karata na babu zetu?"

"Jirani zao, Wareno. Walituachia karata, wakaondoka na vingine."

Chiripa ilikuwa rahisi. "Mpira umemgonga beki mgongoni, umeingia golini, yeye mwenyewe hajui. Hiyo chiripa."

"Zali."

"Zali la mentali. Na gafe ni mtu mwenye nuksi. Akikaa karibu yako kwenye mechi, timu yako inafungwa."

"Kumbe walishanijua," alisema Naila. "Daktari Gafe wa Muhogo."

"Acha hayo, dada."

"Natania."

Hakuwa anatania sana. Husseini aliliona hilo, akaumia, na kuumia kwake siku zote kuligeuka hasira. Alimkasirikia kila aliyewahi kumwambia dada yake asubiri. Akaapa moyoni kwamba safari hii mlango utafunguka, na kwamba yeye, muuza viatu, ndiye atakayeufungua.

Mchana mmoja alirudi kula, akamkuta Naila hajapika. Amekaa, mikono magotini.

"Wakiniuliza kama nitamaliza ile miaka miwili, najibuje?"

"Sí."

"Ndiyo? Kavu hivyo?"

"Wazungu wanapenda ndiyo kavu."

"Mimi siiwezi. Nikisema nitamaliza, nikanyamaza hapo, ulimi wangu wenyewe utanisuta, na huyo atakayenisaili ataniona usoni. Nimekaa tangu asubuhi nalijaribu, halitoki. Inshallah yao ni ipi? Watu waliokaa na Waarabu karne zote zile, hawaikosi."

Uso wa Husseini uliwaka. Swali hilo alikuwa akilingojea kama mtu anavyongoja mgeni aliyemwandalia.

"Wanayo. Waarabu waliwaachia. Inaandikwa hivi, ojalá, lakini hiyo j isome h. Ohalá. Sema polepole. Unamsikia aliyemo ndani?"

Naila alilisema mara kadhaa, akalisikiliza. "Allah," alisema. "Yumo. Amejificha."

"Yumo. Karne zote, na wenyewe wengine hawajui."

Siku hiyo hakurudi kwenye viatu vyake. Alifuta sehemu ya katikati ya mlango kwa kiganja, akachukua chaki, akaanza kutunga utenzi wa kufundishia, kwa sababu aliamini kwamba neno lililofungwa kwenye kina haliponyoki. Alitembea, alihesabu vidole, alifuta, alirudia. Kwenye mstari wa nne, ule wa Inshallah, simu ilimpa pia njia nyingine ya kulisema jambo hilohilo, ya maneno matatu. Aliijaribu. Ikazidi. Akaiacha. Ojalá iliingia kama mguu ndani ya kiatu chake, haibani, haipwayi. Alipomaliza alisimama kando, naye Naila akasoma kwa sauti:

*Suerte ndiyo bahati,*
*azar haina wakati,*
*quizás ni huenda, ati,*
*ojalá ni Inshallah.*

*Chiripa ni kama zali*
*liangukalo kwa mbali,*
*destino kudra ya kweli,*
*gafe, nuksi isolala.*

"Hapo tena," alisema Naila, "sisahau mpaka kaburini." Na usiku alipokuwa akisinzia bado alikuwa akiimba mstari wa nne kwa sauti ndogo, amepona kabisa ile hofu ya asubuhi.

Usaili ulifanyika Visiga, kwenye kontena lililotobolewa madirisha, ambalo ndilo lilikuwa ofisi ya kiwanda kwa wakati ule. Aliyewapokea ni ofisa utumishi, bwana Leodegar, mtu mzima wa Mahenge, mpole, shati limenyooshwa likanyooka.

"Shikamoo, baba," alisema Naila.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Mama Amparo, atakayekusaili kutoka Uhispania, anacheka sana, utampenda. Mimi Kihispania chao sikijui, naye tunaelewana kwa Kiingereza, kwa hiyo nakuwashia kompyuta natoka zangu. Mtabaki wawili."

Husseini aliambiwa angoje nje. Mlinzi wa geti, kijana aitwaye Badru, alikuwa ameweka kigoda chake kwenye kivuli chini ya dirisha, akamsogezea tofali.

"Huyo ni nani wako?"

"Dada yangu, tumbo moja."

"Anajua Kihispania kweli au mnatupiga kamba?"

"Sikiliza."

Walisikiliza. Sauti ya Mama Amparo ilitoka kwenye kompyuta, nene, ya haraka, na sauti ya Naila ikaifuata bila kujikwaa. Waliongea juu ya udongo. Waliongea juu ya moto. Naila alieleza jinsi alivyopima wanga wa muhogo nyumbani kwa tone la dawa ya vidonda, na mama yule akacheka, kicheko kikubwa kilichotikisa bati la kontena. Husseini alimtafsiria Badru kila kitu, akiongeza chumvi palipohitaji.

Kisha mama akauliza, taratibu, kila neno peke yake: "¿Terminará usted los dos años?"

"Anamuuliza kama atamaliza miaka miwili," alinong'ona Husseini.

"Ojalá, señora."

"Kajibu Inshallah."

"Kwa Kihispania?"

"Kwa Kihispania."

"Mashallah," alisema Badru, akavua kofia. "Huyu amelelewa."

"¿Ojalá?" mama aliuliza.

"Ojalá," alisema Naila, kwa nguvu zaidi.

Likaja swali jingine, na Husseini akalitafsiri: akimaliza, atarudi kufanya kazi hapa? Naila akajibu vilevile, na kupitia upenyo wa dirisha Husseini aliuona mkono wake umewekwa kifuani.

"¿No está segura?"

"Anamwambia, huna hakika?"

Naila alifikiri. Jibu alilolitoa halikuwa mlangoni wala kwenye simu. Alilijenga mwenyewe palepale. "Nadie está seguro, señora. Solo Dios."

Husseini alijipiga paja. "Hakuna mwenye hakika ila Mungu! Umesikia? Hiyo sikumfundisha mimi! Kaitunga mwenyewe!"

"Kazi kapata," alisema Badru. "Nani atamwacha mtu kama huyo?"

Naila alitoka akiwa anang'aa. "Kaniaga vizuri," alisema. "Kanitakia bahati."

"Kwa neno gani?"

"Suerte."

"Ndiyo yenyewe."

Walikula chipsi mayai barabarani, wakirudi, kama watu wenye sikukuu.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Kampuni inamshukuru, nafasi imepata mtu mwingine, inamtakia mafanikio mema. Naila alisoma, akampa mdogo wake simu, akaingia kuoga ingawa alikuwa ametoka kuoga. Maji yalimwagika muda mrefu. Husseini hakumngoja atoke. Alifika Visiga jasho linamchuruzika, akampita Badru bila salamu, akasukuma mlango wa kontena.

"Mmempa mtoto wa nani?"

Bwana Leodegar aliinua kichwa. "Kaa kwanza, kijana."

"Sikai! Nimeuliza mmempa mtoto wa nani? Mkubwa gani kapiga simu?"

"Kapewa binti mmoja anaitwa Efrazia. Baba yake fundi baiskeli. Hakuna aliyempigia simu."

"Anajua Kihispania kuliko dada yangu?"

"Hamfikii. Mama Amparo kaniambia mwenyewe, dada yako kawaacha wote mbali. Kwa kweli kaumia kumkosa."

"Sasa kwa nini?"

"Alimuuliza kama atamaliza masomo. Dada yako akajibu kwamba anatamani."

"Hakujibu hivyo. Nilikuwa dirishani. Alisema Inshallah!"

"Mimi hicho Kihispania sikijui. Nakupa nilichopewa. Kaulizwa atamaliza, kasema, natamani ingewezekana. Kaulizwa atarudi kutufanyia kazi, kasema, natamani ingewezekana. Kaulizwa, huna hakika? Kasema hakuna mwenye hakika. Mama akadhani ana mgonjwa nyumbani, au kuna mume anamzuia, amekuja kujaribu tu kwa heshima. Ungekuwa wewe ungempeleka? Efrazia alijibu ndiyo."

"Hilo neno ni ojalá."

"Enhe. Hilohilo."

Husseini alitoka, akasimama kwenye jua, akafungua simu. Historia ya neno lile aliijua. Aliipenda historia yake hata hakuwahi kwenda mbele zaidi. Sasa alisoma mifano. Ojalá mvua inyeshe, kasema mtu aliye kwenye ukame. Ojalá baba yangu angekuwa hai. Ojalá nisingekutana nawe. Mfano baada ya mfano, watu wanataja wasichonacho, na wengine hata hawatarajii kukipata. Hakuhitaji kamusi tena. Neno hilo alikuwa nalo kwa Kiswahili tangu utotoni, na amelitia kwenye mashairi yake mara ngapi. Laiti. Mtu kaulizwa, utafika? Kajibu, laiti.

Allah alikuwamo kweli ndani yake. Lakini Wahispania walikuwa wamelitumia kwa machozi yao wenyewe muda mrefu mno, na Inshallah haikuwamo tena.

Alirudi ndani, na safari hii alikaa. Alieleza. Bwana Leodegar alisikiliza mpaka mwisho, na bila kuombwa akainua simu, akaongea Kiingereza kirefu na Mama Amparo, akisimama, akitembea, akimtetea Naila kama mwanawe. Aliweka simu chini, akarudi kukaa.

"Kasikitika sana. Karatasi za Efrazia zimeshakwenda. Anasema mwakani watachukua mwingine, na wa kwanza kuitwa atakuwa dada yako."

"Mwakani atakuwa ameshapita thelathini."

Bwana Leodegar alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Umri sikuupanga mimi, mwanangu," alisema. "Pole."

Naila alikuwa anakunja nguo zake Husseini alipoingia. Alimwambia yote akiwa amesimama, mgongo ameuegemeza mlangoni, juu ya maandishi. Hakuacha kitu. Naila alikunja mpaka nguo ya mwisho.

"Kwa hiyo Inshallah yao ni ipi?"

"Si Dios quiere."

"Maana yake?"

"Mungu akipenda. Neno kwa neno."

"Umelijua leo?"

Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo kavu. "Nililijua siku ileile."

"Sasa mbona hukuniandikia?"

"Halikuingia."

"Halikuingia wapi?"

"Kwenye mizani."

Naila aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Husseini. Akaanza kujieleza, haraka, kwa vidole, kama alivyojieleza kwa ustadhi kwenye maulidi: "Si-di-os-ki-e-re, sita. Inshallah, nne. Jumla kumi. Mstari wa utenzi ni nane, dada, hauwezi..."

"Sogea."

Alisogea. Naila aliutazama mstari wa nne. Midomo yake ilicheza kidogo, kisha akalisema lile neno kwa sauti, si kama Husseini alivyolisema bali kama lilivyotoka kwa wenyewe, siku zote zile alizobana sikio kwenye spika.

"Wao hawasemi di-os," alisema. "Wanasema Dios, pumzi moja. Na quie, pumzi moja." Alikunja kidole kimoja kimoja. "Si. Dios. Quie. Re. Nne. Na Inshallah, nne." Alivitazama vidole vyake vilivyokunjwa. "Lilikuwa linaingia, Husseini. Lilikuwa linaingia lote."

Husseini alikaa chini, sakafuni. Alilihesabu mwenyewe, kwanza kwa kubisha, mara ya pili bila kubisha. *Si Dios quiere, Inshallah.* Hata kina kilikuwa palepale.

"Nipige," alisema.

"Nikupige ili iwe nini?"

"Basi nitukane. Sema kitu."

"Nikutukane kwa lugha gani?" Alijaribu kucheka, kicheko kikatoka vibaya, akaziba mdomo kwa kitenge.

"Itakuja nyingine, dada. Wallahi itakuja nyingine."

"Ojalá," alisema Naila, na sasa alilitumia kama wenyewe wanavyolitumia.

Alichukua kitambaa, akakilowesha kwenye ndoo, akafuta mlango. Hakufuta kwa hasira. Alifuta kama mtu anayeacha chumba safi, kuanzia juu, salamu, familia, kazi, udongo na moto, akateremka mpaka kwenye komeo, mpaka mlango ukawa wa bluu tu na maji meupe ya chaki yanatiririka sakafuni karibu na miguu ya mdogo wake. Kisha akabeba begi.

Husseini alimsindikiza mpaka Kisarawe, ingawa hakuombwa. Kijiweni vijana waliwaona wanapita, na kwa kuwa habari hutangulia, hakuna aliyemwita mtu daktari. Mmoja alisema, "Pole, dada," na wengine wakatazama chini. Naila hakuzunguka njia ya mikorosho. Hapakuwa tena na cha kuficha.

Mzee Mwinyijuma alikuwa barazani, ametoka kuswali laasiri, jamvi bado limetandikwa. Aliitikia shikamoo zao, akamtazama binti yake, akalitazama begi.

"Wamesemaje?"

"Nimekosa, baba."

"Ulikosea kujibu?"

Husseini alifungua mdomo. "Baba, mimi ndiye..."

"Sikukosea," alisema Naila. "Nimejibu vizuri, baba. Mwenyewe yule mama kasema. Haikuwa riziki."

Mzee alivuta pumzi, akaiachia polepole. Alionekana mzee kuliko walivyomkuta. Miezi yote ile alikuwa amewaambia watu msikitini kwamba binti yake anakwenda Ulaya, Inshallah, na kila aliyemwambia alimwombea.

"Basi haikuandikwa, mwanangu," alisema. "Kitu kisichoandikwa hukipati hata ukikikimbilia kwa ndege. Usimlaumu mtu. Hiyo ni kazi ya Mungu."

Damu ilimpanda Husseini. Haikuandikwa! Iliandikwa, kwa chaki, kwa herufi kubwa, kwenye mlango wa Misugusugu, na aliyeiandika alikuwa hapa, amekaa kwenye jamvi la baba yake, ametetea silabi nane asitetee dada yake mmoja. Na sasa Mungu anasingiziwa, na baba anausamehe uongo huo, na dada anaufunika kwa mikono miwili.

"Baba," alisema, "iliandikwa."

"Nini?"

"Nasema iliandikwa. Tena..."

"Husseini," alisema Naila. Alikuwa ameshaingia jikoni na kutoka, beseni la mihogo kiunoni, visu viwili mkononi. "Njoo unisaidie kumenya. Tumalize kabla ya magharibi."

Ilikuwa sauti ya dada mkubwa, ile isiyorudiwa. Husseini alisimama.

"Anasema nini huyu?" aliuliza mzee Mwinyijuma.

"Mashairi yake tu, baba," alisema Naila, akamkabidhi mdogo wake kisu.